Toa Nembo Kwanza

Wasee, leo tutakosana kidogo. Nataka kutetea tangazo la soda. Na si lile la sekunde kumi unaloliruka ukingoja video yako ianze. Hili lenyewe ni gemu nzima, ya 1993, iliyotengenezwa ili 7 Up isikutoke akilini. Najua sheria ya mtaa: gemu ya brandi ni takataka, usipoteze bando. Hiyo sheria nimeihubiri mimi mwenyewe hapa mara kadhaa. Nilikosea. Na kuna kosa lingine langu, kubwa kuliko hilo, ambalo gemu hii imenilazimisha nilikubali. Tutalifikia.

Gemu inaitwa Cool Spot. Shujaa wake ni lile doa jekundu la kwenye nembo ya 7 Up. Doa tu! Walilivalisha miwani ya jua, glavu nyeupe na raba, wakaliambia nenda kawe nyota. Ukisikia hivyo unacheka, na mimi nilicheka. Niliiweka kwa simu, kwa emuleta, nikiwa na nia mbaya kabisa. Nilitaka video rahisi ya kudharau: dakika tatu za "cheki vile brandi zilikuwa zinatuona wajinga", nikunje uso kwa picha ya mbele, nilale. Nilianza saa nne usiku. Saa saba nilikuwa bado napiga mapovu ufuoni na sijarekodi kitu.

Mpango wake ni rahisi. Wenzake Spot wamefungiwa kwenye vizimba. Unaruka, unapanda kamba, unapiga mapovu ya soda kila upande, unaokota vidoa vyekundu. Ukifikisha kiasi kinachotakiwa, unatafuta kizimba, unapiga kufuli, mwenzako anatoka. Saa nayo inakimbia. Ni hayo tu. Gemu mia za wakati ule zilikuwa na mpango kama huo.

Lakini icheze uone. Kila ukibonyeza, anaitika hapo hapo. Ukimwacha amesimama hakai kama sanamu. Anapiga vidole, anashikashika miwani, ametulia kama konda anayejua gari litajaa tu. Ukiumizwa, picha yake pale juu kwenye kona inaanza kubanduka polepole kama stika iliyochoka kwenye kioo cha matatu. Hakuna mtu amekuelezea, lakini unajua tayari: ikidondoka, nimeisha.

Na kwa sababu yeye ni mdogo kama kifuniko cha chupa, vitu vya kawaida vinageuka nchi nzima. Kiti cha ufuoni kinakuwa ghorofa. Unapita gatini, unaingia ndani ya ukuta wa nyumba ambako panya wanakurushia jibini, unafika kwa maji ya kuogelea yenye boti za watoto, kisha kwa midoli. Kuna bonasi ndani ya chupa ya soda, unarukia mapovu yanayopanda ukitafuta herufi. Muziki ni wa Tommy Tallarico, na ule wa levo ya kwanza una besi ambayo imekataa kutoka kichwani mwangu wiki ya pili sasa.

Si gemu takatifu, nisiwadanganye. Mandhari yanajirudia, ufuo na gati na ukuta unavikuta tena huko mbele vimebadilishwa kidogo. Kuna mahali unaruka bila kuona utatua wapi. Ukiishiwa na maisha na huna akiba ya kuendelea, unarudi mwanzo kabisa, na wakati huo simu ina asilimia nne. Lakini hayo ni makosa ya watu waliokuwa wanajaribu. Ukicheza unaona kabisa kuna mtu alikesha juu ya hii kitu.

Mtu huyo anajulikana. David Perry, kijana wa Ireland ya Kaskazini, alianza kuandika programu za gemu akiwa bado wa shule, enzi ambazo zilichapishwa vitabuni na wewe msomaji unazinakili kwa kompyuta mstari kwa mstari. 1992, akiwa Virgin, alitengeneza Global Gladiators, gemu ya McDonald's. 1993 ikaja Cool Spot. Mwaka huo huo ikaja Aladdin ya Sega Mega Drive, iliyochorwa na wachoraji wa Disney wenyewe, na ikawa moja ya gemu zilizouza sana kwenye mashine hiyo. Baadaye akaanzisha kampuni yake, Shiny Entertainment, na 1994 wakatoa Earthworm Jim, ambayo hata wewe usiyejua gemu za kale pengine umewahi kusikia.

Isome tena hiyo orodha polepole. Baga. Soda. Katuni ya wenyewe. Halafu ndio yake. Hakungoja kufika kwa "yake" ndio aanze kufanya kazi. Hakusema hii ni ya soda, wacha niilipue, nguvu niwekee ile ya maana. Ufundi tunaousifu kwa Earthworm Jim ulikuwa tayari pale, kwenye doa lenye miwani.

Sasa hii ndiyo iliyonimaliza. Spot alikuwa uso wa 7 Up Marekani. Kule Ulaya uso wa soda hiyo ulikuwa mwingine: Fido Dido, yule jamaa mwembamba wa kuchorwa, nywele zimesimama. Kwa hivyo gemu ilipopelekwa Ulaya, walitoa mambo ya 7 Up. Zile herufi za bonasi ambazo Marekani ziliandika UNCOLA, msemo wa matangazo ya 7 Up tangu mwisho wa miaka ya 1960, huko ziliandika VIRGIN, jina la waliotoa gemu.

Fikiria hiyo kitu. Tangazo limenyang'anywa bidhaa. Kwa hesabu zetu za siku hizi, hapo halina kazi tena, si ndio? Lakini Cool Spot ya Ulaya bado ni gemu kamili. Mtoto wa huko angeweza kuicheza mwanzo hadi mwisho asijue ni ya soda gani, na asipungukiwe na chochote. Anaruka vile vile, anapiga mapovu vile vile, anacheka vile vile.

Basi hiyo ndiyo mizani yangu kuanzia leo. Toa nembo kwanza. Kinachobaki kikiwa bado kina utamu, hiyo ni kazi. Kikibaki hewa, mlikuwa mnauziwa hewa.

Ipime kwa wengine uone. 1992 kulikuwa na gemu ya Chester Cheetah, duma wa Cheetos. Duma, bana, mnyama mwenye mbio kuliko wote, na anatembea kama mtu aliyetoka kushiba pilau ya harusi. Mtoe hapo ubaki na nini? Usingizi. Ama chukua Spot mwenyewe. 1995 walimrudisha kwa Spot Goes to Hollywood. Doa lile lile, miwani ile ile. Lakini Perry alikuwa ameshaondoka, na sasa unamtazama kutoka juu kwa mshazari, kila kuruka ni kubahatisha. Kwa hivyo usiniambie siri ilikuwa nembo. Nembo ilibaki, utamu ndio uliondoka.

Sasa la kwangu.

Miezi michache iliyopita kampuni moja, sitaitaja, ilinilipa nifanye video ya bidhaa yao. Mliiona. Maagizo yalisema nitaje jina mara tano na nitabasamu nikiishika. Nilitaja mara tano, nikatabasamu. Nilirekodi mara moja tu, wali ukiwa jikoni, na ulipoiva nilikuwa nimeshamaliza kila kitu. Pesa ilinisaidia kulipa nyumba, na sitajifanya sikuihitaji.

Juzi niliitazama tena nikizima sauti kila jina linapotajwa. Kilichobaki ni kijana anatabasamu na ukuta. Dakika nzima. Hakuna mzaha, hakuna kitu cha kujifunza, hakuna hata sentensi moja ambayo ningemwambia rafiki yangu. Mmoja wenu aliniandikia siku ile: "Siku hizi unatuuza, buda." Nilimblok. Nilijiambia ni wivu, watu hawapendi kuona kijana wa mtaa akilipwa. Uongo mtupu. Huyo msee hakukasirika kwamba nimelipwa. Alikasirika kwamba dakika yake moja niliichukua na sikumpa kitu.

Ndio maana siku hizi nikisikia "lakini ni tangazo tu, ulitarajia nini?" naona ni kisingizio, na nimekitumia vya kutosha. "Ni tangazo tu" inamsamehe aliyelipua kazi na kumlaumu aliyetazama. Perry naye angeweza kusema ni tangazo tu. Alikuwa na doa na tarehe ya kumaliza.

Najua mtaniambia nini. Wa kwanza atasema: hiyo yote ni sukari, wanauzia watoto sukari, na tangazo tamu ni hatari kuliko baya. Uko sawa, na hilo silikwepi. Mimi nimecheza usiku kucha bila kuinuka kununua soda, lakini mimi si mtoto wa miaka minane wa 1993. Ufundi hausafishi bidhaa. Kama kinachouzwa kinamla mtu, kukiuza vizuri ni kumla vizuri. Ndio maana zile pesa za kamari sigusi, hata waniruhusu nifanye video kama sinema. Mizani ya nembo inakuja ya pili. Swali la kwanza ni kama hicho kitu ungempa mdogo wako.

Wa pili atasema: lipa vizuri ndio nifanye vizuri. Huyu ni mwenzangu na namwelewa, kwa sababu kuna wanaotulipa kidogo na bado wanachelewa miezi mitatu. Hapo pigana. Taja bei yako, ama kataa. Lakini ukishakubali pesa, anayetazama hajui ulilipwa ngapi. Hakusaini mkataba wako. Usimtoze yeye upungufu wa malipo yako.

Na nyinyi brandi msijifiche nyuma yetu. Mnatafuta vijana wenye sauti, halafu mnawanyang'anya sauti. Mnakuja kwa sababu watu wangu wanapenda vile ninaongea, kisha mnaniletea karatasi inayonifunza kuongea. Gemu ya 1993 iliweza kuacha doa likimbie, licheze na lichekeshe, bila kusimamisha mchezo kila sekunde kumi kukukumbusha ununue. Mliwaamini watengeneza gemu wakati ule. Tuamini sisi sasa, ama bandikeni bango barabarani, bango halina wafuasi wa kupoteza.

Kwa hivyo hivi ndivyo nitafanya. Kwanza, yule msee nimemfungulia na nimemwomba msamaha kwa inbox. Pili, kuna ofa nyingine imekuja wiki hii. Nimewajibu: nipeni wiki mbili, mniache niandike mwenyewe, na jina nitalitaja mara moja. Bado hawajarudi kwangu. Wakikataa, mtajua kwa sababu hamtaiona. Wakikubali, itazameni mkiwa mmeziba jina lao kwa kidole. Mkipata hakuna kitu kingine hapo, niambieni wazi wazi. Safari hii siblok mtu.

Na kabla ya hapo, cheza Cool Spot. Levo ya kwanza tu, ile ya ufuoni. Halafu uje uniambie ni takataka.