Tusiilaumu Reli, Tuilaumu Amri

Ukipita barazani hapa Kuze baada ya sala ya alasiri, penye dele la kahawa na kashata, hukosi kuyasikia mambo matatu: siasa, biashara na hizi mashine mpya. Yote matatu yakikutana, neno linalotajwa ni moja tu: reli. "Hini reli ndiyo ilotumaliza, yakhe!" mzee mmoja atasema, na wenzake wataitikia. Kwa heshima zote kwa wazee wetu, mimi kwa maoni yangu naona ameshtakiwa asiyehusika. Kilichotuumiza si reli. Ni amri.

Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Miritini na Nairobi mwaka 2017, na mizigo mwaka 2018. Hadi hapo hakuna ubaya. Treni moja inaweza kubeba makontena zaidi ya 100 kwa safari moja, nayo barabara ya Mazeras na Mariakani ikapumua kidogo. Balaa lilianza pale wenye mizigo walipoondolewa hiari. Agosti 2019 tangazo lilitoka waziwazi kwamba mizigo yote inayoingia nchini kwenda Nairobi na mbele yake ipakiwe trenini, ikatolewe Embakasi, sio Kilindini.

Haya, hesabu mwenyewe. Lori likikosa mzigo, dereva haumii peke yake. Huumia utingo, fundi wa gereji, muuza tairi, mwenye kituo cha mafuta na mama wa chapati na maharagwe kando ya barabara. Wakala wa forodha naye afanye nini, ikiwa mzigo aliokuwa akiutoa hapa sasa unatolewa Nairobi? Ama ahamie huko, ama afunge ofisi na kumwambia karani wake kwaheri. Na karani huyo ndiye baba wa mwanafunzi anayetafutiwa karo. Ndiyo maana mwaka huo wa 2019 watu walikuwa wakiandamana hapa Mombasa siku za Jumatatu.

Yuko atakayesema, "Lakini mkopo wa China uliojenga reli hiyo lazima ulipwe, na treni tupu hailipi deni." Kweli, hoja hiyo ina uzito. Lakini deni ni la nchi nzima, mbona libebwe na mji mmoja? Tena kama treni ni rahisi na ya haraka, mfanyabiashara ataikimbilia mwenyewe bila ya kusukumwa. Tazama M-Pesa ilipoanza mwaka 2007. Nani aliamrishwa kuitumia? Hakuna! Hata bibi zetu walijifunza wenyewe kwa kuwa waliona faida yake, na maduka ya mitaani yakapata kazi ya uwakala.

Wengine husema kwamba sisi watu wa Mji wa Kale hatupendi maendeleo. Ati hivyo? Bandari yetu ya Kale ilikuwa ikijaa majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Meli kubwa zilihamia Kilindini kwa sababu huko maji ni ya kina kirefu. Huku tulipata hasara, sikatai, lakini kazi ilibaki kisiwani. Mtu wa Kuze aliweza kwenda Kilindini kwa miguu akarudi jioni akala na wanawe. Embakasi hakuendeki kwa miguu.

Novemba 2020 Mahakama Kuu ya hapa Mombasa iliamua kwamba amri ile ilikwenda kinyume na Katiba, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa. Kisha Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kuwa shughuli za kutoa mizigo zirudishwe Mombasa. Basi mambo yamekwisha? La hasha! Kilichorudishwa kwa tangazo chaweza kuondolewa kwa tangazo jingine. Na ofisi iliyofungwa, yenye karani aliyekwisha kwenda zake, haifunguki kwa hotuba.

Wanafunzi wenzangu, sisi ndio tutakaotafuta kazi katika bandari hiyo, na mashine mpya zitazidi kuja. Tusizikatae. Lakini kifungu cha 10 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataka wananchi washirikishwe, na kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Haki hizi hazikuandikwa kwa ajili ya mawakili peke yao. Siku tutakapoambiwa kuna mtambo mpya unakuja, tusiishie kuuliza unafanya kazi gani. Tuulize: Nani ameamua? Mkataba unasemaje? Tutakuwa na hiari ya kuutumia au tutalazimishwa? Na yule aliyekuwa akiifanya kazi hii kwa mikono yake, atakwenda wapi?

Maswali hayo tuyaulize mapema, kwa barua na katika mikutano ya hadhara, kabla shauri halijapitishwa. Hasira za barazani baada ya hapo hazirudishi kazi ya mtu. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.