Fizikia Sio Kozi ya Waliokosa Uinjinia

Ukisoma fizikia chuoni na nyumbani ni Navakholo, kuna swali moja utaulizwa mpaka ulizoee: "Sasa ukimaliza hiyo utakuwa nani?"

Anayesoma uuguzi haulizwi. Wa sheria haulizwi. Hata wa biashara, ambaye yeye mwenyewe hajui atakuwa nani, haulizwi. Lakini taja fizikia mbele ya wajomba uone. Kutakuwa na kimya kidogo, alafu mmoja atajijibu mwenyewe: "Aah, mwalimu." Wengine watatikisa kichwa kwa huruma, na story itarudi kwa bei ya miwa.

Mimi niko mwaka wa 3, Shahada ya Sayansi, fizikia, kwa chuo cha umma. Na maoni yangu ni haya: swali la wajomba sio baya. Kibaya ni vile sisi wenyewe tumefanya fizikia ikuwe jaa la kozi. Mahali unatupwa pointi zikikataa uinjinia.

Mnajua vile inaenda. Matokeo ya KCSE yanatoka, mtu anaingia kwa tovuti ya KUCCPS, anajaza uinjinia wa umeme, uinjinia wa ujenzi, uinjinia wa mitambo, alafu chini kabisa anaweka fizikia ndio nafasi isibaki wazi. Anapelekwa fizikia. Anaripoti chuo na begi na mpango mmoja: "Nitahama." Muhula wa kwanza anashughulika na barua za kuhama badala ya kalkulasi. Kuhama kunakataa. Kufikia mwaka wa 2 ana masomo ya kurudia, na kwa akili yake fizikia ndiyo ilimharibia maisha. Hapana. Fizikia haikumharibia. Hakuna siku alikuwa ameichagua.

Wacha niseme wazi tofauti ya hivi vitu viwili, ju naona hata walimu wetu wa shule hawakutuambia. Injinia anapewa shida na kuambiwa: fanya hii kitu ifanye kazi, isiue mtu, na isimalize pesa. Mtu wa fizikia anauliza: kwanza, kwa nini inafanya kazi? Ni kipimo gani kitaniambia ukweli? Zote mbili ni kazi nzito. Lakini hakuna moja ambayo ni mabaki ya nyingine.

Chukua kitu tunakijua sana huku, miwa. Kwa miaka mingi kumekuwa na mjadala wa kumlipa mkulima kulingana na sukari iliyo ndani ya muwa, sio uzito peke yake. Sawa, lakini utajuaje sukari ni ngapi? Huwezi kuonja. Kuna mwanga unaoweza kuchujwa mpaka mawimbi yake yatikisike upande mmoja pekee. Ukiupitisha ndani ya maji ya sukari, ule upande unazunguka. Sukari ikiwa nyingi, unazunguka zaidi. Kifaa kinachopima huo mzunguko kinaitwa polarimita, na nyuma yake kuna fizikia ya mwanga ambayo tunasoma chuoni, na kila mtu anauliza itamsaidia wapi.

Itakusaidia hapa. Ile mashine ikisoma vibaya kidogo tu, kila trekta inayoingia inaacha pesa ya mtu pale getini. Na mizani ni vile vile. Mkulima analalamika kwamba tani zimepungua njiani, kampuni inasema mizani iko sawa, na katikati yao hakuna mtu wa kijijini anayeweza kuuliza swali linalofaa: mizani hii ililinganishwa na kipimo gani, lini, na makosa yake yanayokubalika ni kiasi gani? Kuna watu wanalipwa kujibu maswali kama hayo, na shirika la viwango la KEBS lina maabara za vipimo kwa kazi hiyo. Hiyo ni fizikia na ni kazi. Tena ni kazi inayogusa mfuko wa mzazi wako moja kwa moja.

Kuna msee atasema hiyo ni mifano ya kujifariji, kwamba fizikia ya ukweli iko Ulaya na Marekani. Sawa, twende Malindi.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea miaka 7 ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kutazama anga kwa miale ya eksirei. Data yake ilisaidia wanasayansi kushuku kwamba kitu kinachoitwa Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Mwanafizikia aliyeongoza kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Kwa nini walikuja kwetu? Sio kwa sababu ya fukwe. Hapa karibu na ikweta dunia inazunguka kwa kasi zaidi kuliko mahali pengine popote, zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, kwa hivyo roketi inapata msukumo wa bure ikielekea mashariki. Navakholo iko karibu sana na hiyo ikweta. Yaani hata ukiwa umeketi kwa steji ukingoja matatu ya Kakamega ijae, unasafiri kwa kasi hiyo na haulipi nauli.

Lakini angalia upande wa pili wa hiyo hadithi. Roketi ilikuwa ya Marekani, jukwaa lilikuwa la Waitaliano, na sisi tulitoa bahari, ikweta na jina. Ilichukua mpaka 2018 ndio setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iende angani, na mpaka Aprili 2023 ndio Taifa-1 irushwe. Karibu nusu karne. Nchi ambayo vijana wake wanasoma fizikia kwa kulazimishwa itaendelea kukodisha ikweta.

Na kuna Erasto Mpemba. Kama hujui hilo jina, hiyo peke yake ni shida. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa kidato cha 3 katika shule ya Magamba, Tanganyika wakati huo. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu. Unachemsha maziwa na sukari, unangoja yapoe, alafu unaweka kwa friji. Yeye aliona nafasi kwa friji inaisha, akaweka yake yakiwa bado moto. Yake yakaganda kabla ya ya mwenzake. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Wanafunzi wenzake wakamcheka. Alipofika Mkwawa, Iringa, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne, akaja kuzungumza nao, na Mpemba akauliza swali lile lile mbele ya watu. Wenzake wakacheka tena. Tofauti ni kwamba Osborne alirudi chuoni akajaribu. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli na kwa nini, lakini wakibishana wanalitaja kwa jina lake.

Sasa sehemu inayoniuma. Mpemba hakuendelea kuwa mwanafizikia. Alisomea mambo ya wanyamapori na akafanya kazi huko. Sisemi ilikuwa mbaya, ni kazi ya heshima. Nasema tu, kijana aliyeuliza mojawapo ya maswali maarufu ya fizikia kutoka Afrika Mashariki alipata umaarufu kabla hajapata maabara. Ni wangapi kama yeye wako sasa hivi kwa shule za kutwa za Nambacha na Ingotse, wanaona kitu cha ajabu jikoni na wanaogopa kuuliza?

Ju wacha tusidanganyane kuhusu shule. Katika mfumo wa 8-4-4, fomu 3 ndiyo mahali fizikia inaachwa. Mwalimu ni mmoja au hayuko, vifaa vya maabara vinaonekana wakati wa mtihani tu, na wasichana wanaambiwa kwa upole kwamba baiolojia inawafaa zaidi. Sasa tumeingia CBE. Darasa la kwanza la Gredi ya 10 lilianza Januari 2026, na wanafunzi wanachagua kati ya STEM, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo. Kwa karatasi ni poa sana. Lakini shule isiyo na mwalimu wa fizikia haina njia ya fizikia, hata kama imeandikwa kwa bango la getini. Mtoto wa miaka 15 anafungiwa mlango na hajui kama ulikuwepo.

Mambo ya uchungu lazima niyaseme pia, vinginevyo nitakuwa kama wale wa kuuza kozi.

Moja, digrii ya fizikia haikufanyi injinia. Bodi ya wahandisi inataka digrii ya uinjinia iliyoidhinishwa. Usidanganywe kwamba utamalizia fizikia alafu ujipenyeze.

Mbili, hata ualimu ambao wajomba wanakupangia haukuji wenyewe. Ukiwa na Shahada ya Sayansi bila elimu, TSC haitakusajili mpaka uongeze diploma ya uzamili ya elimu. Kama unajua unataka kufundisha, chagua Shahada ya Elimu upande wa sayansi kutoka mwanzo.

Tatu, kazi nyingi nzuri zenye jina la fizikia zinataka usome tena. Kupanga dozi ya mionzi ya mgonjwa wa saratani ni kazi ya mwanafizikia wa tiba, na hiyo inahitaji masomo ya uzamili. Utafiti pia. Hii inamaanisha miaka zaidi, na nyumbani wanangoja doo.

Nne, ni ngumu. Mekanika ya kwanta haijali ulipata A ya fomu 4. Utakaa na swali moja wiki nzima. Na maabara zetu sio zote ziko vizuri. Kuna siku tunashiriki kifaa kimoja watu 10, wawili wanapima, wanane wananakili.

Lakini sikiza, kuna milango pia, na hakuna mtu anatangaza kwa redio. Kigali kuna taasisi ya EAIFR, chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda, inayofundisha fizikia ngazi ya uzamili na uzamivu kwa vijana wa kanda yetu. Trieste, Italia, kuna ICTP, iliyoanzishwa 1964 na Abdus Salam wa Pakistan hasa kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama zetu, na ina kozi ya mwaka mmoja inayolipiwa. Hapa nyumbani kuna mvuke wa Olkaria, kuna mitambo 365 ya upepo kule karibu na Ziwa Turkana, kuna idara ya hali ya hewa, kuna watu wa data wanaotafuta mtu asiyeogopa hesabu na anayejua kuandika programu. Mimi programu zangu za kwanza niliandika nikitafuta njia ya mpira uliorushwa kukiwa na upepo. Leo hizo ndizo zinanilipia intaneti, ju kuna wafanyabiashara wananipa data zao nizipange.

Kwa hivyo kama unajaza chaguo za KUCCPS, hii ndiyo rai yangu. Usiweke fizikia chini kabisa kama pamba ya kujazia mto. Iweke juu, au usiiweke. Kabla ya kuamua, fanya jaribio dogo. Mvua ya jioni ya huku tunaijua, na radi zake tunazijua. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie mngurumo, gawanya kwa 3, utapata radi iko umbali wa kilomita ngapi hivi. Kama hapo ulitaka tu kujua jibu uendelee na maisha, hiyo ni sawa kabisa, tafuta kozi nyingine na usione haya. Lakini kama ulijiuliza kwa nini ni 3, na kwa nini mwanga unafika kwanza, na kama baridi ingebadilisha hiyo namba, basi wewe ni wetu.

Na wajomba wakikuuliza utakuwa nani, waulize wao mizani ya miwa ilikaguliwa lini mara ya mwisho. Watanyamaza kidogo. Hapo ndipo uwaeleze.