Theluji Isiyonywesha Mito

Wageni wapandao kutoka Moshi kwenda kutazama maporomoko ya Materuni aghalabu huambiwa ya kuwa maji yale ya baridi ni theluji ya Kibo iliyoyeyuka. Wenyeji nao wamelizoea neno hili hata hawalichunguzi tena. Ni tamu, lakini si kweli.

Ushahidi uko njiani penyewe. Mtu hupita vihamba vya migomba na kahawa, kijito kikivuma bondeni; kadiri apandavyo ukungu huzidi, na majani hudondosha maji hata siku isiyo na mvua. Mvua nyingi ya Kilimanjaro huangukia ubavu wa kusini, tena katika msitu, kwenye kimo cha mita 2,000 na zaidi kidogo. Kileleni ni kama jangwa. Barafu ya huko ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya 1912 na 2011, na nyingi katika hiyo hugeuka mvuke bila kupata kuwa maji. Masalio hayo yangeinyweshaje mito ya Uru, Kibosho, Machame na Marangu? Ni msitu unaoinywesha.

Wako watakaosema: mgeni amekuja kutembea, si kusoma, mwacheni na theluji yake. Lakini kijana wa kijijini amchukuliaye mzigo husikia neno lilo hilo, akakua nalo. Na aaminiye kuwa mto hutoka kwenye barafu, maji yapungukapo huinua macho kileleni, akasikitika, akaenda zake. Kwani nani atadaiwa theluji? Msitu unao wa kudaiwa. Tangu 2005 wote umo ndani ya Hifadhi ya Taifa, na moto uteketezao miti ya juu, ile inasayo ukungu, hauwashwi na jua.

Wazee wa Kichagga hawakudanganyika. Walipochimba mifongo walikinga maji ya vijito chini ya kivuli cha miti, wakayateremsha ukingoni mwa mabonde hadi vihambani, kila mtu kwa zamu yake. Na aliyekosa siku ya kuzibua alitozwa. Elimu hiyo yote, ya kupima mteremko kwa jicho na kugawa maji bila vita, hupitwa na watembeao kwa haraka ya kupiga picha. Mfongo ukikatiza njia, huruka juu yake wakidhani ni mtaro.