Tuzo ya Ugenini na Hazina ya Wananchi

Wapo watuambiao kwamba wasuluhishi wa ng'ambo wakishatoa tuzo, kazi ya mahakama za nchi ni kugonga mhuri tu. Neno hilo tunalikataa.

Mkataba wa New York wa mwaka 1958, ambao Tanzania imo, huzitaka mahakama zitambue tuzo za kigeni na kuzikazia. Ni haki: aliyeahidi na alipe. Lakini kifungu cha tano cha mkataba huohuo huiruhusu mahakama kukataa tuzo inayopingana na sera ya umma ya nchi. Mlango huo haukuwekwa uwe pambo.

Tazameni Nigeria. Mwaka 2017 wasuluhishi waliiamuru iilipe kampuni ya P&ID dola bilioni 6.6 kwa ajili ya mtambo wa gesi ambao haukujengwa kamwe. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Uingereza ikaruhusu tuzo ikaziwe. Riba ikapanda, deni likapita bilioni 11. Nigeria haikuchoka kuchunguza. Na Oktoba 2023 mahakama hiyohiyo ikabaini kwamba tuzo ilipatikana kwa rushwa na ushahidi wa uongo. Mhuri ulikwisha kugongwa. Uchunguzi ndio uliookoa.

Hatusemi deni la halali likanwe; hiyo nayo ni dhuluma. Twasema majaji wapime kabla ya kukaza, na mikataba iwekwe wazi kabla ya kutiwa saini, maana ugonjwa huanzia hapo. Viongozi wa walei, waulizeni wabunge wenu: tumefungwa kwa mikataba gani, na nani alitia saini kwa niaba yetu?