Ukurasa wa Nyumbani: Kompyuta Yawaka, Kioo Ni Cheusi

Juma hili tumeiweka kando habari ya kuhifadhi mahindi tuliyokuwa tumeahidi, kwa sababu imetufikia barua isiyoweza kungoja. Imeandikwa na bibi wa koplo mmoja, akaaye katika nyumba za kambi. Mume wake yuko kazini nje ya mipaka, na kwa muda wa miezi minane ameweka fedha kidogo kidogo ili mtoto wao mkubwa, aliyepata nafasi ya chuo, anunuliwe laptopu. Bibi huyo alikwenda mjini, akainunua, akarudi nayo katika basi akiwa ameipakata kama mtoto mchanga. Walipoiwasha, taa ndogo ya ubavuni ilitoa mwanga, na ndani ukasikika mvumo wa feni. Lakini kioo kilibaki cheusi kama chungu cha jikoni. Jirani amemletea fundi, naye ataka shilingi 150,000 ili aifungue. “Bado sijamwambia baba watoto,” aandika. “Nimpe fundi fedha hizo, au nifanye nini? Kijana anatakiwa kujaza fomu za chuo kabla ya Jumatatu.”

Dada yetu, usimpe. Hatusemi kwamba fundi huyo ni mwongo. Twasema kwamba mashine mpya huuzwa pamoja na dhamana, mara nyingi ya mwaka mmoja, na dhamana hiyo yaweza kupotea mara bisibisi ya mtu asiyeruhusiwa ipitapo katika skurubu zake. Kwanza itafute risiti, uiweke mahali pasipofikiwa na watoto wala maji. Kisha fuata haya tunayokueleza, ambayo hayahitaji kufungua kitu chochote.

Yafaa ujue kwamba taa na feni hushuhudia jambo moja tu, nalo ni kwamba umeme umefika. Kompyuta ikipata umeme hujikagua kwanza, kama vile askari akaguavyo silaha yake kabla ya kwenda zamu: hutazama kumbukumbu yake, hutazama chombo kitoacho picha, ndipo iitapo programu kuu, ambayo kwa mashine nyingi ni Windows. Kwa hiyo weusi wa kioo waweza kutoka mahali patatu. Huenda mashine haikuamka. Huenda imeamka lakini picha haifiki kiooni. Au picha imefika, ila taa iliyo nyuma ya kioo haiwaki.

Anza na la kwanza. Betri za laptopu nyingi mpya hulazwa usingizi kiwandani ili zisiishe njiani, nazo haziamki vizuri mpaka zipate umeme wa ukutani. Chomeka chaja iliyokuja ndani ya boksi, wala si ya simu. Hata kama tundu lake lafanana, chaja ya simu mara nyingi haina nguvu ya kutosha, kwani laptopu nyingi hutaka wati 45 au 65. Iache nusu saa. Kama kambini mnatumia jenereta au umeme wa jua, soma maandishi madogo ya chaja: nyingi hukubali volti 100 hadi 240, lakini umeme unaopanda na kushuka hukubaliki na kifaa chochote, basi ngoja utulie.

Baada ya hapo zima mashine, chomoa chaja na kila kitu kilichochomekwa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa sekunde 30. Kufanya hivyo huondoa mabaki ya umeme yaliyonasa ndani. Rudisha chaja peke yake, washa, nawe ukae mbali nayo kwa dakika kumi. Twasisitiza neno hili, maana haraka imewaponza wengi: baadhi ya mashine za siku hizi, ziwashwapo mara ya kwanza, huchukua dakika kadhaa zikiizoea kumbukumbu yao, na muda huo wote kioo huwa cheusi. Mwenye papara huizima na kuiwasha, nayo huanza upya kila mara.

Kama bado ni giza, tazama kitufe kilichoandikwa Caps Lock. Katika mashine nyingi kina taa ndogo. Kibonyeze mara moja, kisha mara ya pili. Taa ikiwaka na kuzimika kwa kukutii, furahi: mashine i hai, na tatizo liko upande wa picha. Isipokutii, au ukisikia milio ya kurudiarudia, huenda kipande cha kumbukumbu kimelegea safarini au ubao mkuu una kasoro. Hayo si yako wala si ya fundi wa jirani. Ni ya muuzaji.

Mashine ikiwa hai, peleka chumba kiwe giza, uwashe tochi na kuielekeza kiooni kwa mshazari. Ukiona vivuli vya maandishi au picha hafifu, basi picha ipo na taa ya nyuma ndiyo haiwaki. Jaribu kitufe chenye alama ya jua, kiongezacho mwanga. Msinicheke nikisema kwamba mimi mwenyewe niliwahi kumlipa fundi mmoja fedha za nyama ya juma zima, naye akabonyeza kitufe hicho mara nne tu, akanirudishia mashine inang’aa. Mwanangu mdogo ndiye aliyekuwa ameupunguza mwanga, naye alikuwa amesimama mlangoni akitutazama.

Usipoona kivuli, bonyeza pamoja vitufe vinne: Windows, Ctrl, Shift na B. Katika Windows 10 na 11 amri hiyo huiwasha upya programu iongozayo picha; kioo chaweza kumeta na mlio mfupi kusikika. Likishindikana hilo, tafuta waya wa HDMI, uiunganishe laptopu na televisheni ya nyumbani au ya jirani, kisha shikilia Windows na kubonyeza P mara moja moja, ukingoja kidogo kila mara, maana huenda mashine ilikuwa imeamriwa kupeleka picha nje badala ya kiooni. Picha ikitokea katika televisheni huku kioo chake kikibaki cheusi, umekwisha pata jibu: kioo au waya wake ni mbovu, na umepata ushahidi ambao muuzaji hawezi kuubisha. Piga picha ya hali hiyo kwa simu.

Dukani usiende peke yako. Chukua risiti, boksi, chaja, na namba iliyoandikwa tumboni mwa mashine; ihakikishe kuwa ni ileile iliyo katika boksi. Omba waiwashe mbele yako. Wakikupa nyingine, usitoke mlangoni kabla hujaiona ikionyesha picha, jambo ambalo kwa kweli lilipaswa kufanywa siku ile ya kwanza.

Baba watoto mwambie leo. Akiwa zamu huko mbali, habari ya mashine mbovu yenye dhamana ni nyepesi kwake kuliko kusikia baadaye kwamba alifichwa.

Na kuhusu fomu za Jumatatu: ikiwa picha yaonekana katika televisheni na intaneti mnayo, kijana azijaze jioni hiyohiyo akitazama televisheni. Ila asiache ndani yake vyeti, neno la siri, wala picha za baba yake akiwa katika sare. Kila kitu akinakili katika flashi na kukifuta, maana mashine hiyo inarudi mikononi mwa watu msiowajua.