Ukutani Hakuna Staa, na Mji Umepona!

Mjini staa akichorwa ukutani, watu wanajaa, selfi zinapigwa, makopakopa yanamwagwa. Wiki mbili baadaye kiki imeisha, na ukuta umebandikwa tangazo la mganga.

Sasa sikia hii. Kanada, kwenye kisiwa cha Vancouver, kuna kamji ka pwani kanaitwa Chemainus. Kuta zake zina sura kubwa kuliko milango ya maduka, na wengi waliochorwa ni wapasua mbao, wabeba mizigo, wauza duka na wenyeji wa asili wa pwani ile. Watu wanapanda mabasi kutoka mbali kwenda kuwaona.

Haikuwa starehe. Mji mzima ulikuwa unakula kupitia kiwanda cha kupasua mbao, na mwaka 1983 kikafungwa. Mamia ya watu kazi hakuna. Miaka ya 1970 mfanyabiashara mmoja, mhamiaji kutoka Ujerumani, alikuwa ameshatoa wazo baada ya kuona nyumba za watawa kule Romania zilizochorwa kuta za nje. Akasema mji uchore historia yake. Wakampotezea. Picha zitamlisha nani?

Hali ilipoanza kuwa tete, wazo likafufuliwa. Mwaka 1982 michoro mitano ya kwanza ikapanda ukutani. Leo imepita 40, na chini kwenye njia za miguu kuna nyayo za njano zinazomwongoza mgeni kutoka ukuta hadi ukuta. Kiwanda kidogo kilifunguliwa tena mwaka 1985, lakini safari hii mji haukuning'inia kwenye mbao peke yake.

Hapo wengi wanamalizia stori: sanaa inalipa, tuchore na sisi. Kumbe utamu uko kwenye ukuta mmoja ambao hauna uzuri wa kupigia picha ya harusi.

Ukuta huo, uliochorwa mwaka 1991, unamhusu kijana mwenye asili ya Kijapani. Alitaka kujiunga na skauti wa mji, akakataliwa. Hakununa. Akajisomea mambo ya skauti peke yake, akafuzu, kisha akaunda kikosi cha vijana wenzake. Mwaka 1942, vita ikiwa imepamba moto, serikali ya Kanada iliwaondoa pwani watu wote wenye asili ya Kijapani, zaidi ya 20,000, hata waliozaliwa palepale. Mali zao zikauzwa. Chemainus nako waliondolewa, na huyo skauti alikuwemo.

Miaka karibu 50 baadaye, mji uleule ukampa ukuta.

Kuna watakaosema ni kufukua makaburi, eti mtalii anataka mandhari nzuri, hataki lawama. Wamekosea. Mandhari nzuri ziko kila pwani. Bahari ni bure. Kinachomsimamisha mtu mbele ya ukuta ni kuona mji umekubali kusema, "Huyu alikuwa wetu, na tulimkosea." Na mjukuu wa aliyefukuzwa akipita hapo, haoni rangi tu. Anaona babu yake karudi nyumbani.

Ukweli usemwe: rangi haifuti dhambi, wala haimrudishii mtu nyumba yake iliyouzwa. Lakini ukuta unaochora washindi tu ni bango la matangazo lisilo na bei. Historia ya mji ni pamoja na yule aliyefungiwa mlango.

Kwa hiyo kabla manispaa haijamwita mchoraji na kununua ndoo za rangi, swali la kwanza lisiwe staa gani anatrendi. Liwe hili: nani alijenga mtaa huu, akaondoka bila hata asante?

Haya wadau, mtaani kwenu nani anastahili ukuta? Dondosha jina lake na alichofanya.