Pomboo naye ni mwenyeji

Babu yangu alikuwa mvuvi wa Kizimkazi Dimbani, kijiji chetu kusini mwa Unguja. Zama zake pomboo alichomwa chusa, nyama yake ikawa chambo cha papa. Miaka ya 1990 wageni walipoanza kuja kumtazama, pomboo akageuka riziki akiwa hai. Chusa zikawekwa chini, boti zikafungwa mashine, vijana wakajifunza Kitaliano ufukweni.

Sisemi wageni wasije. Msikiti wetu una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Dunia ilitufikia kwa upepo wa kaskazi, karne nyingi kabla ya ndege. Lakini mgeni wa kaskazi alingoja upepo ugeuke. Alikaa, akaoa, akajifunza lugha yetu. Wa leo hukaa majini kwa saa mbili, kisha gari humrudisha hotelini.

Saa mbili hizo ndizo zinazoniuma. Juzi asubuhi nilihesabu boti 11 zikilizunguka kundi moja la pomboo, mmoja wao ana mtoto ubavuni. Kila walipozama na kuibuka, boti ziliwafuata.

Hifadhi ya Ghuba ya Menai, ambayo bahari yetu imo ndani yake, ipo tangu 1997, lakini bahari hailindwi na karatasi. Tuanze na lililo mikononi mwetu: boti chache kwa zamu, mashine zizimwe mapema, na sehemu ya nauli iingie mfuko wa kijiji, hesabu zisomwe hadharani.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Pomboo naye ni mwenyeji.